Kusimba video kwa ajili ya deki za zamani: DVD na VCD kwa programu huria

Deki ya DVD iliyonunuliwa mwaka 2004 ina chipu moja inayojua kufungua MPEG-1 na MPEG-2, miundo ya zamani ya kubana video, pamoja na bafa ya kilobaiti 224 ya kuwekea picha zinazosubiri zamu yao. Basi. Video ya simu ni H.264 au HEVC, miundo mipya zaidi ya kubana, mara nyingi ya 1920x1080, na kasi yake ya fremu hupanda na kushuka. Chipu ile haiwezi kuifanya chochote. Anayetaka kumpelekea mzazi kijijini DVD ya harusi, au kuitolea kwaya VCD, lazima aisimbe video upya, yaani aibadilishe iwe katika muundo ambao chipu ile inaujua. Na katika kazi hii ubora wa picha ni jambo la pili. La kwanza ni kutovuka mipaka ya bafa. Programu ya VLC kwenye kompyuta hucheza karibu kila kitu, kwa hiyo usiitegemee kukuambia kama diski yako ni nzima.

Zana

Kwenye Ubuntu au Debian, amri moja inatosha:

```
sudo apt install ffmpeg mjpegtools vcdimager dvdauthor genisoimage growisofs cdrdao
```

FFmpeg ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na enkoda yake (sehemu inayosimba) ya mpeg2video ndiyo tutakayoitumia kwa DVD. Kwenye mjpegtools tunafuata programu mbili: mpeg2enc, ambayo asili yake ni msimbo wa mfano wa MPEG Software Simulation Group, na mplex inayounganisha picha na sauti. mpeg2enc ni ya polepole na haina madoido, ila kwa VCD ina nidhamu kuliko FFmpeg, na huko nidhamu ndiyo kila kitu. HCenc inasifiwa sana kwenye maelekezo ya zamani. Ni ya bure lakini si huria. x262, tawi la x264 lililokusudiwa kwa MPEG-2, halikukamilika, hivyo usipoteze jioni nzima kuijenga. Kwa upande wa sheria njia ni nyeupe: hataza za mwisho za MPEG-2 nchini Marekani ziliisha Februari 2018, na za AC-3, muundo wa sauti wa DVD, mwaka 2017.

Mwenye Windows anaweza kufanya kazi yote ya kusimba ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kisha akachoma diski kwa programu ya upande wa Windows. Asiyependa kuandika amri ana DVDStyler na DevedeNG, zote huria, na zote ndani yake zinaita FFmpeg ileile. Ukielewa yaliyo hapa chini utajua pia vitufe vyao vinafanya nini.

PAL au NTSC: amua kabla ya yote

PAL na NTSC ni mifumo ya zamani ya picha za TV. Tanzania, Kenya na Uganda ni nchi za PAL: mistari 576, fremu 25 kwa sekunde. Kongo na Burundi zilitumia SECAM, mfumo wa tatu, kwenye matangazo, lakini hakuna DVD ya SECAM. Diski ya huko pia ni ya PAL, na suala la rangi ni la deki na TV. Marekani na Kanada ni NTSC: mistari 480, fremu 29.97. Deki nyingi zinazouzwa kwetu hucheza NTSC bila kulalamika, ila deki nyingi za Marekani huikataa PAL. Kwa hiyo nakala inayokwenda kwa ndugu walio Minnesota itengenezwe NTSC.

Kuna sababu nyingine ya kuifikiria NTSC hata kwa diski ya hapa nyumbani. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukizishusha hadi 25, fremu moja katika kila sita inatupwa, na kamera ikigeuka polepole kufuata bibi harusi, picha inaruka-ruka. Ukienda 29.97 karibu hakuna kinachotupwa. Kamera ya video iliyorekodi kwa fremu 25 au 50 ibaki PAL.

Filamu ya fremu 24 inapewa dawa tofauti: iharakishwe kidogo ifike 25. Weka `setpts=PTS*24/25` mbele ya `fps=25` kwenye vichujio (mstari wa `VF` ulio hapa chini), na `-af atempo=1.041667` kwenye sauti. Kama ni 23.976, tumia `setpts=PTS*0.95904` na `atempo=1.042709`. Filamu ya saa mbili itapungua dakika tano hivi, na atempo huzuia sauti za waigizaji zisipande juu.

Hesabu ya kasi ya biti kwa DVD

DVD ya safu moja, ile inayoandikwa 4.7 GB, inachukua baiti 4,700,372,992 ikiwa ni DVD+R na 4,707,319,808 ikiwa ni DVD-R. Hapa giga ni bilioni ya kawaida, ndiyo maana kompyuta nyingi zitakuonyesha takriban 4.38. Usiijaze hadi ukingoni: ukingo wa nje ndio unaoharibika kwanza kwenye diski za bei nafuu, na lenzi iliyochoka husumbuka zaidi huko. Chukua baiti bilioni 4.5, yaani kilobiti 36,000,000, kisha:

kasi ya video = (36,000,000 ÷ sekunde za video − kasi ya sauti) × 0.97

Hiyo asilimia tatu inayotolewa ni ya vichwa vya pakiti. Kwa sauti ya 192, dakika 90 hukupa takriban kilobiti 6,280 kwa sekunde. Dakika 120 hukupa 4,660. Saa tatu hukupa 3,050. Video ya dakika 45 ingekupa namba kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Hapo simama kwenye 7,000 na uache nafasi itakayobaki ibaki.

Kanuni ya DVD inaruhusu video hadi kilobiti 9,800 na jumla ya vyote 10,080. Kwa diski ya kuchomwa nyumbani usipite 8,000 kwenye kilele. Diski iliyochomwa huakisi mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, deki inalazimika kurudia kusoma, na kila inaporudia bafa inapungua. Kasi ikiwa tayari iko ukingoni, hapo ndipo picha inapoganda.

Kusimba kwa mapito mawili

Pito la kwanza linasoma video yote na kuandika wapi kuna mwendo mkali na wapi kumetulia. La pili linagawa biti kwa kufuata daftari hilo. Mfano huu ni video ya dakika 120, upana wa 16:9, kwenda PAL:

```
VF="fps=25,scale=720:576:flags=lanczos:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601,setsar=64/45,format=yuv420p"

ENK="-c:v mpeg2video -b:v 4600k -maxrate 8000k -bufsize 1835008 -g 15 -bf 2 -mbd rd -trellis 2 -cmp 2 -subcmp 2"

ffmpeg -y -i harusi.mp4 -vf "$VF" $ENK -pass 1 -an -f null /dev/null

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "$VF" $ENK -pass 2 -aspect 16:9 \
  -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 -ac 2 \
  -f dvd -muxrate 10080000 -packetsize 2048 harusi.mpg
```

Namba 1835008 ni ile bafa ya kilobaiti 224 ikiandikwa kwa biti. Usiikuze kwa kudhani utapata picha nzuri zaidi. Chipu haina kumbukumbu nyingine. `-g 15` ni umbali wa juu kati ya fremu kamili. Kwa NTSC ni 18. `-mbd rd`, `-trellis 2` na hizo `cmp` mbili huichelewesha kazi, ila zinasaidia hasa kasi ya biti ikiwa ndogo. Sauti iwe 48000, kamwe isiwe 44100: DVD haiijui hiyo ya pili.

Sehemu inayosahaulika ni `in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601`. Video za HD hufuata hesabu moja ya rangi, na TV za kawaida hufuata nyingine. Usipogeuza, ngozi za watu na kijani cha majani huhama kidogo, na utailaumu TV bure. Video ya simu iliyorekodiwa kwa HDR (rekodi yenye upeo mpana wa mwanga) ni tatizo jingine kabisa: itatoka imepauka hata ukifanya haya yote. Zima HDR kwenye simu kabla ya sherehe.

Kwa NTSC badilisha vitu vinne: `fps=30000/1001`, `scale=720:480`, `setsar=32/27` na `-g 18`.

Video ya simu iliyoshikwa wima usiivute ijaze skrini, watu watakuwa wanene kama mapipa. Kwenye fremu ya PAL ya 16:9 inahitaji pikseli 228 tu za upana, iliyobaki ni nyeusi:

```
scale=228:576,pad=720:576:246:0,setsar=64/45
```

Namba hiyo ya 228 inashangaza wengi. Pikseli za DVD si za mraba: 720 zilizohifadhiwa huonyeshwa kana kwamba ni 1024, kwa hiyo 324 zinazohitajika kwenye skrini huhifadhiwa kama 228.

Pito la pili likiendelea, tazama namba ya `q=` inayopita kwenye terminali. Ikicheza kati ya 2 na 5, picha ni safi. Ikishinda juu ya 8, vipande vya mraba vitaonekana kwenye nguo nyeupe na kwenye moshi wa jukwaani. Ikizidi 10, biti hazitoshi na hakuna enkoda itakayokuokoa. Una njia tatu: ugawe video kwenye diski mbili, uondoe chembechembe, au upunguze ukubwa wa picha.

Chembechembe ndizo mwizi mkubwa wa biti. Ukumbi wa usiku wenye taa hafifu hutoa picha inayochemka, na MPEG-2 huchukulia kila chembe kuwa mwendo. Ongeza `hqdn3d=3:2:4:3` mwishoni mwa vichujio, kabla ya `format`. Ukipandisha namba hizo sana, nyuso zinakuwa kama za nta.

Kupunguza ukubwa kuna mtego wake. DVD inaruhusu 352x576, na kwa video ya saa tatu hilo ni chaguo la busara, ila ukubwa huo ni wa 4:3 peke yake. Upana wa 16:9 unaruhusiwa kwenye 720 na 704 tu. Kwa hiyo video pana iwekewe mistari myeusi juu na chini: `scale=352:432,pad=352:576:0:72,setsar=24/11`, na `-aspect 4:3`.

Kanda za VHS na MiniDV zina jambo lake. Kila fremu yake ni nusu mbili zilizopishana mstari kwa mstari, zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti. Kwa DVD usiziunganishe. Ziache zilivyo, maana TV ya zamani inazipenda hivyo. Toa `fps` na `scale` kwenye vichujio, weka `setfield=bff` kwa MiniDV, ambayo huanza na nusu ya chini, na uongeze `-flags +ildct+ilme` kwenye enkoda. Vifaa vingi vya kunasia VHS huanza na nusu ya juu, yaani `setfield=tff`. Ukikosea mpangilio, kila kinachosogea kitatetemeka mbele na nyuma kama mtu mwenye baridi. Dalili hiyo haionekani vizuri kwenye kompyuta. Ionee kwenye TV.

Kupanga DVD

Faili la mpg bado si DVD. dvdauthor ndiyo hujenga folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO (maelekezo kwa deki) na VOB (video yenyewe). Andika faili la harusi.xml:

```
<dvdauthor dest="dvd">
  <vmgm/>
  <titleset>
    <titles>
      <video format="pal" aspect="16:9" widescreen="nopanscan"/>
      <pgc>
        <vob file="harusi.mpg" chapters="0,10:00,20:00,35:00"/>
      </pgc>
    </titles>
  </titleset>
</dvdauthor>
```

Kisha:

```
export VIDEO_FORMAT=PAL
dvdauthor -x harusi.xml
genisoimage -dvd-video -V HARUSI -o harusi.iso dvd/
```

Bila ule mstari wa `export`, matoleo ya 0.7 hukataa kazi mwishoni yakilalamika kwamba hayajui mfumo wa video wa menyu kuu, hata kama umeuandika ndani ya XML. `nopanscan` huiambia deki iliyounganishwa kwenye TV ya 4:3 iweke mistari myeusi badala ya kukata pembeni na kumwondoa bwana harusi kwenye picha. Ukitaka diski ijirudie yenyewe bila kukoma, kama ya kuonyesha dukani, ongeza `<post>jump title 1;</post>` baada ya mstari wa vob.

Usitumie xorriso kutengeneza ISO hii, yaani faili moja lenye diski nzima. Ni programu nzuri kwa mambo mengine, lakini haitengenezi UDF, na DVD ya video inahitaji UDF na ISO 9660, mifumo miwili ya kupanga mafaili kwenye diski, kwa pamoja. Diski itachomeka, kompyuta itaisoma, deki itaandika kuwa haina diski. Na kama unaihamisha ISO kwa flashi, kumbuka FAT32 haipokei faili la kuanzia gigabaiti 4. Iumbize flashi kwa exFAT.

Makosa yanayojirudia

dvdauthor ikisema `SCR moves backwards, remultiplex input`, mara nyingi kuna mtu ameunganisha mafaili mawili ya mpg kwa `cat`. Saa ya ndani ya faili la pili imeanza upya kutoka sifuri. Unganisha video kabla ya kusimba, au pitisha kila faili kwenye `ffmpeg -i a.mpg -c copy -f dvd b.mpg` na uyaorodheshe kama vob mbili kwenye XML.

Ukiita matokeo harusi.vob ukaacha `-f dvd`, FFmpeg itachagua umbo jingine la MPEG lisilo na pakiti za urambazaji ambazo dvdauthor inazitegemea. Andika `-f dvd` kila mara.

Ujumbe wa `buffer underflow` wakati wa kuunganisha, au `packet too large, ignoring buffer limits to mux it`, una maana kwamba mahali fulani fremu moja imekuwa kubwa kuliko bafa inavyoweza kubeba kwa wakati wake. Mara moja mwanzoni inavumilika. Ukijirudia mamia ya mara, deki itaganda mahali hapohapo kila unapoicheza. Shusha `-maxrate` hadi 7000 na uondoe chembechembe kwanza. Mwanga wa kamera za wapiga picha ndio chanzo cha kawaida: kila mweko huilazimisha enkoda kuanza fremu mpya kamili, na ikija miwili mitatu ndani ya sekunde moja bafa inakauka.

Sauti ikiachana na midomo taratibu, saa nzima inapopita ikawa nyuma kwa sekunde mbili, tatizo ni kasi ya fremu inayobadilika ya simu. `fps=25` iliyo kwenye vichujio inalitibu. Sauti ikiwa nyuma kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kosa liko kwenye video chanzo, na `-itsoffset` kwenye sauti ndiyo dawa.

VCD

Kanuni ya VCD ni ya mwaka 1993 na haina nafasi ya ubishi: MPEG-1, 352x288 kwa fremu 25, video kilobiti 1,150 bila kupanda wala kushuka, sauti ya MP2 kilobiti 224 kwa 44100, bafa ya kilobaiti 40. CD huzunguka ikitoa sekta 75 kila sekunde, na deki hula kwa mwendo huohuo. Ukisikia mtu anapandisha kasi ili picha ipendeze, hiyo si VCD tena, na deki ya kwanza itakayoikubali haithibitishi kitu kuhusu ya pili.

Hapa mpeg2enc inachukua usukani:

```
ffmpeg -i kwaya.mp4 -an \
  -vf "fps=25,scale=352:224:flags=lanczos,pad=352:288:0:32,setsar=12/11,format=yuv420p" \
  -f yuv4mpegpipe - | mpeg2enc -f 1 -n p -o kwaya.m1v

ffmpeg -i kwaya.mp4 -vn -c:a mp2 -b:a 224k -ar 44100 -ac 2 kwaya.mp2

mplex -f 1 -o kwaya.mpg kwaya.m1v kwaya.mp2
```

`-f 1` huweka mipaka yote ya VCD peke yake, na mplex ikishindwa kuitii itakuambia badala ya kukufichia. Kanda zenye nusu zilizopishana lazima ziunganishwe hapa; weka `bwdif=0` mbele ya vichujio vyote, maana MPEG-1 haijui nusu.

Kwa nini 224 na si 216, ambayo ndiyo hesabu kamili ya 16:9? Enkoda hugawa picha katika miraba ya pikseli 16. Mstari mweusi wa pikseli 36 huishia katikati ya mraba, na kila mraba wa mpaka huo unakuwa nusu nyeusi nusu picha, kitu kinachokula biti vibaya mno. Kwa 32 mpaka unaangukia mahali pake. Picha inarefuka chini ya asilimia nne, na hakuna atakayeiona. Biti zilizookolewa kwenye 1,150 zitaonekana. Hata hivyo usitarajie muujiza. Kwaya iliyosimama itapendeza. Ngoma zenye watu hamsini wanaorukaruka kwenye vumbi zitakuwa uji.

Kisha umbo la CD lenyewe:

```
vcdimager -t vcd2 -l KWAYA -c kwaya.cue -b kwaya.bin kwaya.mpg
cdrdao write --device /dev/sr0 --speed 8 kwaya.cue
```

Watu hushangaa bin inapotoka na ukubwa wa zaidi ya megabaiti 800 wakati CD imeandikwa 700. Itaingia. Sekta za video kwenye VCD hubeba baiti 2,324 badala ya 2,048 za data, kwa sababu tabaka moja la kusahihisha makosa limeachwa. Hesabu kwa dakika, usihesabu kwa megabaiti: CD ya dakika 80 inabeba dakika 78 au 79 za video. Hasara yake ni kwamba mkwaruzo mdogo ambao data ingeuvumilia, VCD inauonyesha. Kunakili mpg kwenye CD kama data ya kawaida hakutengenezi VCD, hata ukiliita faili AVSEQ01.DAT na kulitia kwenye folda ya MPEGAV.

SVCD ipo pia, MPEG-2 ya 480x576, na FFmpeg huitengeneza kwa `-target pal-svcd`. Inampasa mtu awe na sababu maalumu. Kwenye CD moja huingiza muda mfupi kuliko VCD, na ikiwa deki inacheza DVD, ipe DVD.

Kuchoma na kujaribu

```
growisofs -dvd-compat -speed=4 -Z /dev/sr0=harusi.iso
```

Kwa deki kongwe chagua DVD-R kuliko DVD+R. Nyingi zilizotoka mapema zilitazama alama ya aina ya diski, na zikiona +R zinaikataa bila hata kujaribu. Diski za kufutika ni nzuri kwa majaribio kwenye deki yako, ila zinaakisi mwanga hafifu, hivyo zikikataa usikate tamaa kabla hujajaribu DVD-R. Kasi ya 4 au 8 inatosha. Kuchoma kwa 16 kwenye diski za mafungu ya hamsini huongeza makosa ya kusoma, na makosa hayo yanaonekana kwenye dakika za mwisho za video, yaani ukingo wa nje, pale pale kwenye kukata keki. Karatasi za kubandika juu ya diski ziache: zinaifanya isizunguke sawasawa na kwenye joto hujikunja. Andika kwa kalamu ya maji isiyo na ncha kali.

Kabla ya kutoa nakala mia, jaribu moja kwenye deki mbovu kuliko zote unazoweza kuazima. Ruka hadi kila sura, songesha mbele kwa kasi, kisha iache icheze dakika kumi za mwisho bila kuigusa. Diski ikipita hapo, itapita kwingine.

Deki za miaka ya karibuni zenye tundu la USB zinakuondolea uchomaji kabisa, lakini nyingi hazijui H.264. Angalia kama pembeni pameandikwa DivX. Zinapokea AVI yenye MPEG-4 ya zamani:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "fps=25,scale=720:404,setsar=1" -c:v mpeg4 -vtag XVID \
  -q:v 4 -bf 1 -g 250 -maxrate 4000k -bufsize 2000k -c:a libmp3lame -b:a 160k -ar 48000 harusi.avi
```

Usiwashe qpel wala GMC, mbinu za ziada za MPEG-4 za kubana mwendo, hata ukiona mahali zinasifiwa. Chipu nyingi za deki hizo hazizifungui, na picha itapasuka vipande huku sauti ikiendelea kama kawaida. Flashi iwe FAT32, hapa kinyume na kule kwenye ISO, na jina la faili lisizidi herufi chache zisizo na alama.